Kiko Kilicho Msumarini

Katika sebule ya nyumba yetu hapa Bunia pana msumari ukutani, na msumarini pametundikwa kiko kimoja. Ni kiko cha mti, cha rangi ya kahawia, chenye mrija uliopinda kama shingo ya bata. Wageni wengi hukitazama, na baadhi yao huniuliza: "Mwalimu, kumbe nawe wavuta tumbako?" Huwajibu kwamba sijavuta kamwe, na kwamba kiko kile hakijatiwa moto hata mara moja tangu kilipotengenezwa. Hapo hustaajabu, nami sharti niwaeleze habari yake. Leo nataka kuwaeleza ninyi pia, maana pengine habari hiyo itamfaa mzazi fulani, au mwanafunzi mwenye mzee nyumbani kwao.

Yafaa nianze na babu yangu. Yeye alikaa ukingoni mwa msitu, upande wa Mambasa, akilima migomba na mpunga. Kiko chake kilikuwa kirefu kuliko mtoto. Mrija wake ulikuwa uti wa jani la mgomba, uliotobolewa ndani kwa kijiti, na mwishoni palitiwa bori dogo la udongo, lisilochukua ila tumbako kidogo sana. Wambuti, walioleta nyama na asali kijijini na kupewa ndizi na tumbako, nao walivuta kwa viko vya namna hiyo hiyo. Jioni wanaume walikaa kuuzunguka moto. Mmoja aliweka kaa juu ya bori, mwingine akavuta, kisha mrija ukapita mkono kwa mkono.

Nilipokuwa mtoto nilidhani urefu ule ni fahari tu ya wazee. Siku moja nilimwuliza babu kwa nini asiukate mrija ili apate kutembea nao. Alicheka, akasema: "Mjukuu wangu, tumbako hii ni kali kama pilipili, tumeikausha wenyewe juu ya meko. Nikiivuta kwa mrija mfupi itanichoma ulimi. Njia ndefu huupoza moshi. Na bori ni dogo kwa kuwa mwenye tumbako kali hahitaji nyingi." Basi nikafahamu kwamba kiko kile hakikutengenezwa ovyo. Umbo lake lilitokana na tumbako yenyewe, na mahali pa kuvutia, na watu wa kuvuta nao.

Baba yangu hakurithi kiko hicho. Alisoma shule ya misioni, akawa karani hapa mjini. Na karani hawezi kukaa mezani na mrija wa urefu wa mkuki. Alitaka kiko cha kutia mfukoni. Katika miaka ya 1960 mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa malori, alimletea kimoja kutoka Arusha. Kilikuwa kifupi, kilichonyooka, chenye alama ya tembo mdogo, na jina lake lilikuwa la Kiswahili chetu wenyewe: Kiko. Viko hivyo vilitengenezwa Arusha na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, kwa jiwe jeupe lililochimbwa katika bonde la Amboseli, upande wa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya. Jiwe hilo hupatikana pia Eskişehir, katika nchi ya Uturuki. Wajerumani waliliita povu la bahari, kwa weupe na wepesi wake. Likiwa bichi hukatika kwa kisu. Tena lina vitundu vidogo sana vinavyonywa unyevu wa moshi, na kadiri kiko kinavyotumika, weupe wake hugeuka polepole kuwa rangi ya asali.

Baba alikitunza kiko chake kama fundi atunzavyo saa. Hakukigonga juu ya jiwe ili kumwaga majivu. Hakuvuta mara mbili mfululizo, bali alikiacha kipoe, akausafisha mrija kwa unyoya wa kuku. Sisi watoto tulijua kwamba akikijaza bila kusema neno, yuko katika mawazo. Na akikijaza huku akiimba polepole, tunaweza kumwomba faranga za daftari.

Kisha vikaja vita. Tangu mwaka 1999 Ituri yetu ilikuwa katika maumivu, na katika mwezi wa Mei 2003 mapigano yaliingia mitaani mwa Bunia. Maelfu ya watu walikimbia. Wengine walijibanza karibu na uwanja wa ndege, wengine walishika njia ya kusini kwa miguu. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao wa pili: baba, mama, mke wangu, mimi na watoto wanne, tukipitia Komanda kuelekea Beni, mwendo wa karibu kilometa 200. Baba alikuwa amekwisha pita miaka sabini.

Siku ya sita kitinda mimba wetu, msichana wa miaka minne, alishikwa na homa kali. Nilikuwa nimembeba mgongoni tangu asubuhi, na nguvu zilinishia. Katika kijiji kimoja tulimkuta kijana mwenye baisikeli, akaelekea njia ile ile. Tulimsihi amchukue mtoto pamoja na mama yake hadi kwenye dawa. Alitaka malipo, nasi hatukuwa na kitu; fedha zetu zilikwisha chukuliwa njiani. Ndipo baba alipotia mkono mfukoni, akatoa kiko chenye tembo. Alikipangusa kwa ncha ya shati lake, akampa yule kijana. Mimi nilitaka kumzuia. Akaniambia: "Niache, mwanangu. Kiko hakiugui homa."

Mtoto alipata dawa, akapona. Baba hakutaja tena habari ya kiko chake. Lakini mimi sikuisahau hata siku moja.

Tuliporudi Bunia mwaka 2004, tuliikuta nyumba bila mabati na bila milango. Baba alianza tena kuvuta, lakini kwa kiko cha kujitengenezea: gunzi la hindi lililochimbwa kati, na mwanzi mwembamba wa urefu wa kidole. Magunzi si kitu cha kudharau. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, huko Marekani, viko vya magunzi vyatengenezwa tangu mwaka 1869, navyo vyasifiwa kwa wepesi na kwa bei ndogo. Lakini hicho cha baba kilikuwa kifupi mno. Moto wake ulikaa karibu na mdomo, tena alikibana daima upande wa kushoto, kwa maana huko ndiko kulikosalia meno. Nilipomwona vile, na midomo yake iliyokauka, niliona aibu. Nilisema moyoni: mtu huyu aliuza kiko chake kwa ajili ya mtoto wangu, naye avutia gunzi.

Nilianza kuweka akiba kidogo kidogo katika mshahara wangu. Mwaka 2007 nilipata safari ya Kampala, nikaazimia kumletea kiko kizuri. Lakini kiko cha namna gani? Mimi nisiyevuta sikujua hata kimoja. Jirani yetu mmoja, mwalimu mzee aliyestaafu, alikuwa amevuta kiko miaka mingi. Nikaenda kwake jioni kumwuliza. Yeye, badala ya kunijibu, alianza kuniuliza kama aulizavyo mwanafunzi wake.

Kwanza aliuliza: "Baba yako huvuta wapi? Akitembea shambani au akikaa kitini?" Mwenye kutembea na kufanya kazi, alisema, hutaka kiko kifupi na chepesi, kisichozuia mikono. Mwenye kukaa na kusoma huweza kutumia mrija mrefu, kwa kuwa moshi hauingii machoni na moto uko mbali na uso. Lakini kiko kirefu hushikwa kwa mkono, hakibanwi kwa meno.

Pili aliuliza: "Meno yake je? Mtazame mdomo kwanza kabla ya kwenda dukani." Kiko kilichonyooka huvuta meno kwa uzito wake, kama ndoo iliyotundikwa kwenye ncha ya fimbo. Kiko kilichopinda huning'inia karibu na kidevu, na mzee mwenye meno machache hukibana bila kuchoka. Lakini kupinda nako kuna hasara yake: unyevu hukusanyika penye pindo, kiko kikaanza kukoroma, na kijiti cha kusafishia hakipiti kwa urahisi.

Tatu aliuliza: "Apenda kuvuta kwa muda gani?" Bori pana huunguza tumbako nyingi kwa mara moja. Bori jembamba lenye kina huungua polepole na kumtosha mtu jioni nzima. Bori dogo lafaa kwa tumbako kali na kwa mtu asiye na nafasi. Na kuta za bori zikiwa nene, mkono hauungui.

Nne aliuliza habari ya kitu ambacho kiko kimetengenezwa nacho. Udongo hautii ladha yake ndani ya tumbako, lakini hupata moto upesi na huvunjika ukianguka. Jiwe jeupe la Amboseli hupoza vizuri, lakini halipendi kuangushwa. Mti uliozoewa zaidi ni bruyeri, mti mdogo wa nchi zinazoizunguka bahari ya Mediteranea. Kiko huchongwa katika kifundo kilichoko baina ya mizizi na shina, ambacho hakishiki moto upesi. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura huko Ufaransa, ulipata sifa kwa kazi hiyo katika karne ya 19.

Mzee yule alifurahi kufundisha tena. Alinieleza jinsi watu wa Afrika ya Kusini walivyopanda vibuyu vyenye shingo iliyopinda ili vifanywe viko. Kikombe hutiwa juu, na nafasi iliyobaki ndani ya kibuyu huupoza moshi. Alinieleza na kiko cha maji cha watu wa pwani: juu kuna bori; chini yake ni digali iingiayo katika kifuu cha nazi chenye maji, nacho ndicho kiko chenyewe; kisha ni shilamu ya kuvutia; na ile sauti ya maji yakitokota huitwa malio. "Waona," akasema, "kila nchi imetafuta njia ya kuupoza moto ule ule."

Nilikwenda Kampala na maneno hayo yote kichwani. Katika duka moja niliviona viko vya namna nyingi, nikavishika kimoja kimoja kama mtu anunuaye jembe. Mwishowe nilichagua hiki mkionacho msumarini: mti wa bruyeri, mrija uliopinda nusu, bori la kadiri, kuta nene. Kilinigharimu nusu ya mshahara wa mwezi. Njiani kurudi, kwa motokaa hata mpaka wa Mahagi na kutoka hapo hadi Bunia, nilikigusa mfukoni mara nyingi, nikiwaza jinsi baba atakavyotabasamu.

Kweli alitabasamu. Alikigeuza mkononi, akapuliza ndani ya mrija kusikia kama njia ni safi, akapima unene wa bori kwa kidole gumba. Kisha akakitia mdomoni kitupu, ili kukijaribu. Alikitia upande wa kulia.

Nikamwambia: "Baba, wewe hubana upande wa kushoto. Kulia huna meno."

Hakujibu. Nikakumbuka neno la jirani: mtazame mdomo kwanza. Mimi nilikuwa nimefikiri juu ya meno tu. Nilileta taa karibu na uso wake, naye akageuka kama mtoto aliyekamatwa. Penye mdomo wa chini, upande wa kushoto, pale mwanzi ulipokaa kila siku, palikuwa na baka jeupe lenye ufa katikati, na kando zake zilikuwa ngumu. "Ni moto wa gunzi tu," akasema. "Katika zahanati moja walinipa marhamu." Lilikuwapo kwa muda wa miezi minane. Tulikula pamoja kila jioni, wala mmoja wetu hakuona. Na yeye hakusema, asije akatuongezea mzigo wakati tulipokuwa tukitafuta mabati ya nyumba.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari aligusa lile baka kwa kidole, akauliza lina muda gani, akakata kipande kidogo na kukipeleka mbali kupimwa. Tulingoja majuma kadhaa, na majuma yale yalikuwa marefu kuliko njia ya Beni. Jibu lilikuwa kansa ya mdomo, lakini ingali ndogo, haijashuka shingoni. Walimkata, wakashona, na baada ya mwezi palibaki kovu tu. Daktari alituambia wazi kwamba kama tungalikawia mwaka mwingine, asingaliweza kutuahidi kitu.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua: "Daktari, kama ningalimnunulia mapema kiko chenye mrija mzuri, je, asingaliugua?"

Akanijibu kwa upole: "Mrija mrefu ungalipunguza joto mdomoni, nami nakubali kwamba mwanzi ule mfupi ulimwumiza. Lakini joto ni nusu ya habari. Sumu iliyo ndani ya moshi wa tumbako haizuiwi na pindo la mrija, wala na jiwe, wala na maji. Wengi hudhani kwamba mvuta kiko yuko salama kwa kuwa hamezi moshi. Lakini moshi huo hupenya katika ngozi laini ya mdomo, nao huleta kansa ya mdomo, ya ulimi, ya koo, ya umio, hata ya mapafu. Jambo hili si jipya. Mganga mmoja Mjerumani, Samuel Thomas von Sömmerring, aliandika mwaka 1795 kwamba kansa ya mdomo huonekana sana kwa wavuta viko." Siku hizi Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Nilipolisoma hilo baadaye, sikufikiri juu ya mamilioni. Nilifikiri juu ya baka moja, lenye upana wa ukucha.

Msidhani kwamba baba aliacha kuvuta siku ile kwa wepesi. Mtu aliyevuta miaka hamsini haachi kama avuavyo kofia. Majuma ya kwanza hakulala. Aligombana na mama juu ya chumvi, akagombana nami juu ya redio, akaomba radhi, akagombana tena. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba na gunzi mkononi, halijawashwa. Hakusema neno, nami sikusema. Alilitupa katika shimo la takataka, tukarudi ndani pamoja.

Kilichomsaidia ni mambo madogo. Wajukuu walimsomea gazeti saa ile aliyozoea kuvuta. Mama alimkaangia karanga ili mdomo upate kazi. Na kiko kipya alikishika kitupu, akikigeuzageuza mkononi, maana mkono nao ulikuwa na mazoea yake. Jioni moja, miezi sita ilipokwisha kupita, alikitazama sana, akaniambia: "Mwanangu, ulichagua vema. Uzito wake wanifaa, pindo lake lanifaa, bori lake lanifaa. Kasoro yake ni moshi tu." Tukacheka wote wawili. Kisha akasimama, akapigilia msumari ukutani mwenyewe, akakitundika.

Baba aliishi miaka mingine saba. Alifariki mwaka 2014, kwa uzee, kitandani pake, huku tukimzunguka. Ugonjwa ule haukurudi.

Ndugu wasomaji, mimi sikuandika ili kuwahukumu wazee wetu wenye viko. Babu yangu alivuta, baba yangu alivuta, nami nawaheshimu. Najua pia kwamba kiko ni zaidi ya moshi: ni mazungumzo ya jioni, ni mkono unaopokea kwa mkono mwenzake. Lakini nataka kuwapa shauri moja. Kama una mzee avutaye, usingoje akuambie kwamba aumwa. Wazee wetu wamezoea kuficha maumivu yao ili watoto wapate kula. Kaa karibu naye, mlete kwenye mwanga, mtazame midomo na ulimi. Ukiona baka jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona katika majuma mawili au matatu, usiridhike na marhamu; mpeleke kwa daktari. Na ninyi wanafunzi ambao hamjaanza kuvuta, msidanganywe na uzuri wa chombo. Nimejifunza maumbo ya viko kwa bidii yote, wala sikuona hata kimoja kiufanyacho moshi kuwa mwema.

Mimi nilidhani nina deni la kiko, nikatafuta kulilipa kwa kiko. Kumbe kazi niliyopaswa kufanya ilikuwa kumtazama baba usoni. Kama asingalikitia mdomoni upande wa kulia jioni ile, ningaliendelea kumtazama bila kumwona.

Yule msichana aliyebebwa kwa baisikeli kule njia ya Beni sasa ana mtoto wake mwenyewe. Kila ajapo kututembelea hukitoa kiko msumarini, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge chake, kisha hukirudisha mahali pake.